Mlo wa Kadiri Yake

Nyoka hacheui. Hilo hata mtoto anayeanza alifu chuoni analijua. Anayecheua ni mtu, tena mtu aliyekula akashiba, akanawa mkono na kuegemea ukuta. Kwa hiyo siku Zulekha alipokuwa uani anapepeta mchele, akasikia kutoka bandani mcheuo mzito, mrefu, wa kiume, alijua palepale kuwa hapa pana jambo. Hafidh, mumewe, alikuwa shamba. Mama mkwe alikuwa chumbani anasali. Bandani hamkuwa na mwanamme yeyote. Mlikuwa na sanduku la mbao lenye wavu, na ndani ya sanduku mlikuwa na chatu aliyemeza bata asubuhi ile.

Alijitia hakusikia. Ndivyo tulivyo wanaadamu, jambo likitutisha tunalipa mgongo. Akaendelea kupepeta, chuya zinarudi kwenye mchele safi, mpaka mama mkwe alipotoka akamuuliza mbona anakichanganya alichokwisha kukitenga.

Huyo chatu aliletwa na Hafidh mwenyewe. Na tuseme kweli, Hafidh hakuwa mtu mbaya, ila alipenda makuu. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni katika shamba la viungo hapo Wawi, awaonyeshe hiliki na mdalasini, awanusishe majani ya mkarafuu. Akasikia wenzake wa Unguja wana kinyonga, wana kobe, yeye hana hata kitu cha kumtia mgeni mkononi apige picha. Siku aliyokwenda Ole kufyeka chini ya mikarafuu ya marehemu baba yake, akamkuta chatu mdogo amejikunja ubavuni mwa jiwe ambalo watu wa Ole wakilipita hushusha sauti. Hafidh hakushusha sauti. Alimtia kwenye gunia akaja naye nyumbani anacheka.

Kumlisha alifundishwa na Abdulsamad, rafiki yake wa Tanga aliyewahi kufuga nyoka, kwa maneno ya kurekodi kwenye simu. Kanuni yenyewe ilikuwa nyepesi. Usiangalie kichwa, alisema Abdulsamad, kinywa cha nyoka hupanuka kitakavyo. Angalia kiuno, pale alipo mnene kuliko pote, na mlo uwe wa unene ule. Ukizidi atautapika, na huenda akafa. Ukiwa mdogo mno atabaki na njaa. Basi Hafidh akachukua ukambaa, ile kamba nyembamba ya kusuka, akawa anampima nao chatu kiunoni, kisha anakwenda nao kwa vifaranga anawazungushia mmoja mmoja kama fundi cherehani. Nusaiba, binti yao, ambaye ndiyo kwanza ameanza skuli, alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Zulekha hakucheka. Alimwambia mumewe amrudishe mdudu wa watu alikomtoa, akajibiwa kuwa yeye ni mwoga tu.

Lakini chatu hakula. Aliwekewa kifaranga cha kipimo sawasawa, na asubuhi kifaranga kikakutwa kinatembea juu ya mgongo wake. Aliwekewa panya, hataki. Mwezi ukaisha, na aliyekonda akawa Hafidh. Ndipo mama yake, Bi Mwanakhamis, alipoingia katika jambo hilo. Alikuwa mzaliwa wa Ole, mfupi, mkavu, mwanamke ambaye tangu ujana wake hajapata kusema nitafanya asifanye, na kwa hilo alikuwa akijivuna kidogo. Lile jiwe alilijua. Akasema nyoka huyu ana mwenyewe, na kitu chenye mwenyewe huombwa kwa adabu, hakirushiwi panya. Alasiri moja akatia makaa kwenye chetezo, akachukua ubani na yai la kuku wa kienyeji kwenye sahani, akaingia bandani na kurudisha mlango. Zulekha alimsikia ananong'ona taratibu, kama mtu anayemkaribisha mkubwa wake. Alipotoka, sahani ilikuwa tupu na uso wake umeridhika.

Tokea siku hiyo chatu akala. Akala kifaranga leo, kesho yake ukambaa hauzunguki kiuno. Hafidh akafurahi, akampa tembe, kuku asiyeanza kutaga, na kesho yake ukambaa haukuzunguka tena. Wafugaji wa chatu hungoja miezi kuona tofauti, na huyu alikuwa akiumuka kama unga wa maandazi. Akapewa jogoo, kisha bata, na hapo ndipo alipocheua. Hafidh akampiga picha akampelekea Abdulsamad. Jawabu lilichelewa, na lilipokuja halikuwa na salamu wala mzaha. Chatu wa unene ule hupatikana kwa miaka, alisema Abdulsamad, na kama picha hii ni ya kweli, mtoeni nyumbani leo.

Hafidh hakumtoa. Alichofanya ni kumpunguzia. Alimtilia kuku mahali pa bata, akidhani njaa itamrudisha nyuma. Chatu hakumtazama yule kuku. Magharibi ilipoingia ukaanza mkwaruzo bandani, wa kucha juu ya sinia la shaba, na humo hamna sinia, wala nyoka hana kucha, na pamoja na mkwaruzo ikaja harufu ya ubani uliochanganyika na tope la mikokoni, ikapita chini ya mlango, ikakaa ukumbini. Wali ulichacha kabla haujapakuliwa. Maziwa yakakatika. Hata muhogo mbichi ulipomenywa ulitoa maji meusi.

"Mpe cha kadiri yake, mwanangu," Bi Mwanakhamis akamwambia Hafidh kwa sauti ya chini. "Mgeni hapunguziwi."

Asubuhi Hafidh akatafuta mbuzi mchanga, na nyumba ikatulia. Zulekha alimtazama sana mama mkwe siku ile. Alimwona anaogopa, na tangu aolewe katika nyumba hiyo hakuwa amepata kumwona hivyo.

Basi ikaja Ijumaa moja ya kawaida kabisa. Hafidh amerudi msikitini, Zulekha yuko jikoni anakaanga samaki. Chatu alikuwa amemkataa mbuzi wa pili, mbuzi wa kipimo kilekile, hakumgusa hata kwa ulimi, na Hafidh, asielewe, akampima upya kwa ukambaa mpya, mrefu, kwa kuwa ule wa kwanza ulikwisha kazi zamani. Akaukata pale ulipofika, akautundika msumarini. Baadaye Nusaiba akaja jikoni amejifunga ule ukambaa kiunoni, na ncha zake mbili zimekutana juu ya kitovu. Hazikupitana, wala hazikuachana.

"Mama, tazama," akasema. "Umenitosha."

Mafuta yaliungua, samaki wakawa mkaa, Zulekha asione. Mikono yake ndiyo iliyokuwa ikimwogesha mtoto yule na kumfunga sketi ya skuli kila asubuhi. Kiuno kile alikijua. Akaung'oa ukambaa akautupa motoni, akamkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika kuwa anaumia.

Hafidh alipoambiwa, alikaa chini kwanza. Kisha akainuka na panga. Alitoka bandani mkono wa kulia unaning'inia, hauna nguvu hata ya kushika kijiko, na panga limebaki kulekule. Akaomba gari ya jirani, wakalibeba sanduku zima na nyoka wake mpaka Ole, wakalishusha penye lile jiwe, wakarudi bila ya kutazama nyuma. Walipofika Wawi harufu ilikuwa inawangojea mlangoni. Sanduku lilikuwa bandani mahali pake, wavu umefungwa, na chatu yumo, kichwa amekielekeza kwenye dirisha la chumba cha Nusaiba. Yule jirani aliwasha gari akaondoka, na tangu hapo akawa akiwaona anavuka barabara.

Siku zilizofuata Zulekha hakulala na hakuwa macho. Nusaiba aliacha kucheza, kisha akaacha kuzungumza, kisha akaacha kula. Akitiliwa chakula anageuza uso, akiachwa kidogo tu hukutwa nje ya banda amesimama, paji la uso ameliegemeza kwenye mlango, macho wazi, anatabasamu. Alipoulizwa anafanya nini hapo alijibu kwa upole, kama anayemfariji mama yake, kwamba anaitwa, na ameambiwa asiogope kwa kuwa ndani kuna nafasi yake hasa. Zulekha akachukua kanga akamfunga mtoto mgongoni, mtoto mkubwa yule, miguu inaburura, akawa anapika naye, anafua naye, anakwenda chooni naye, na kila alipopita karibu na banda alihisi mtoto mgongoni anakuwa mzito zaidi, mzito wa kuelemea upande ule, mpaka akawa anapita ukutani, ameshika ukuta kwa mikono miwili, anasoma kila aya aliyoijua na zile alizozijua nusu nusu, asithubutu kunyamaza kwa kuogopa atakachokisikia.

Waliyemwita alikuwa mganga, Bi Hija wa Wete, mwanamke wa makamo mwenye miwani na mkoba wa plastiki, ambaye ungemkuta sokoni ungedhani ni mwalimu wa skuli. Alifika baada ya sala ya alasiri. Hakwenda bandani. Alikaa ukumbini, akaomba maji, akayanusa, akayaweka chini. Akamtazama mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake, kisha akawatazama watu wazima mmoja baada ya mmoja.

"Nani kati yenu aliyemwekea nadhiri?" akauliza.

Hafidh akasema hapana aliyeweka nadhiri yoyote. Zulekha alikuwa anamtazama mama mkwe, na mama mkwe alikuwa anautazama mkeka.

"Mimi," Bi Mwanakhamis akasema. "Nilimwambia, kula, bwana mkubwa, na kila utakavyokua nasi tutakupa cha kadiri yako. Ndivyo tulivyofunzwa kuzungumza na vitu vyenye wenyewe. Nilidhani nasema adabu."

Bi Hija hakumlaumu. Akaeleza polepole kwamba jini wa namna hii hajipakulii, hula anachopewa, na hupewa kwa ulimi wa mwenye nyumba. Kuku na mbuzi hawakuwa shibe yake. Walikuwa wa kumkuza tu, amfikie mtu wa nyumba hii aliye mdogo kuliko wote. Sasa amemfikia, hataki kingine. Na akishampata huyo atakua tena, na atamtaka mwengine aliye mkubwa zaidi.

"Umemtoa mwanangu," Zulekha akasema. Hakumwita mama. Alisema mengine pia, mambo ya miaka, chumvi ya mchuzi na maneno ya harusini, yote yakamtoka pamoja na machozi, na Bi Mwanakhamis akayasikiliza bila ya kuinua kichwa. Hafidh alitaka kumnyamazisha mkewe, Bi Hija akamzuia kwa mkono.

Ilipokwisha, Bi Mwanakhamis akauliza nini cha kufanya. Akaambiwa kuwa aliyefunga ndiye mwenye kufungua. Aende mbele yake, amwambie kwa kinywa chake kuwa nadhiri ameivunja. Hakuna mwengine anayeweza kumsemea.

"Na nikiivunja?"

"Utalipa," Bi Hija akasema. "Uliahidi chakula, atakuchukulia katika chakula. Vipi, sijui. Ninachojua ni kuwa atachukua kwako peke yako."

"Kwa mtoto hatogusa?"

"Hatogusa."

Bi Mwanakhamis akainuka, akajitanda mtandio wake vizuri, kama anayetoka kwenda kwenye hitma. Zulekha akamfuata na mtoto mgongoni, kwa kuwa Bi Hija alisema mtoto asiachwe nyuma. Hafidh alibeba chetezo kwa mkono wake mzima. Jua lilikuwa bado lipo, kuku wanadonoa uani, redio ya jirani inasoma habari, na ndani ya banda kulikuwa na giza ambalo halikuhusiana na saa ile.

Bi Hija akaanza kusoma. Wavu ukafunguka wenyewe, taratibu, bila ya kishindo, na chatu akatoka, akatoka, akaendelea kutoka, mzigo ule haukuwa na mwisho, ngozi inang'ara kama iliyopakwa mafuta, kiuno kile kinapita juu ya ubao wa sanduku na ubao unalia, na harufu ya ubani na tope ikawajaa puani mpaka Hafidh akatapika pale aliposimama, na Zulekha akataka kukimbia na miguu ikakataa, kwa sababu mtoto mgongoni mwake alikuwa ameinua kichwa, akaweka kidevu juu ya bega lake, na karibu kabisa na sikio lake, kwa kinywa kidogo kile ambacho juzi tu kiling'oka jino la mbele, ikatoka sauti ya mwanamme mzima aliyekaa kusubiri chakula muda mrefu na sasa ameanza kuudhika.

"Mwanakhamis. Uliniahidi."

Zulekha alihisi pumzi ya maneno yale shingoni, baridi, na mikono ya mtoto iliyomzunguka ikaanza kukaza. Hakuweza kupiga kelele. Alimtazama mama mkwe, yule aliyekuwa akimlaani muda mfupi uliopita, na moyo wake wote ukawa unamwomba.

Bi Mwanakhamis alipiga hatua moja mbele. Kuvunja neno kulikuwa kitu asichopata kukifanya, na alionekana anakitafuta mdomoni kama asiyejua kinavyotamkwa.

"Niliahidi," akasema. "Sikupi. Huyu sikupi, wala mwengine. Neno langu nimelivunja, nalo liwe juu yangu."

Chatu akasimamisha kichwa mpaka kikawa sawa na uso wake. Wakatazamana. Ulimi ukatoka, ukamgusa midomoni, ukashuka kidevuni, ukasimama kooni, ukakaa hapo. Bi Mwanakhamis alifumba macho lakini hakurudi nyuma. Kisha yule nyoka akashuka, akampita miguuni, akapita miguuni mwa Zulekha, akatoka mlangoni, kuku wakamkimbia, akavuka uani mchana mweupe na kuingia kichakani. Majani yalitikisika kitambo. Baadaye yakatulia.

Mikono ya Nusaiba ikalegea. "Mama," akasema kwa sauti yake, "nina njaa."

Walicheka wote, wanalia na wanacheka. Zulekha alimpikia mtoto muhogo wa nazi na samaki, akala kila kilichowekwa mbele yake, akaomba tena. Hafidh alilivunja sanduku kwa shoka akalitia moto, na mkono wake siku ya pili ukapata uhai. Bi Mwanakhamis alikaa mkekani pamoja nao. Alikata kipande cha muhogo akakitia mdomoni, akatafuna, akatafuna sana, kisha akakitema kwenye kiganja na kukificha chini ya ukingo wa sahani. Zulekha alimwona.

Kwanza walidhani ni hofu. Muhogo ulipomshinda wakampa wali laini. Wali ulipomshinda wakampa uji, wakauchuja, wakauchuja tena. Hospitali walimpiga picha ya koo, wakasema njia iko wazi, hawaoni kitu. Kila alichopewa leo kilikuwa kikubwa mno kesho. Zulekha alikwenda Wete mwenyewe kuomba, na Bi Hija akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema hana la kufanya, kwamba mama yule alijua alipokuwa anainuka pale mkekani.

Basi Zulekha akaacha kuhangaika kwa waganga, akawa anamlisha. Alimlisha kwa kijiko cha chai, kisha kwa ncha ya kijiko, kisha kwa pamba aliyoichovya kwenye maji ya asali. Alimwomba radhi kwa yale maneno ya ukumbini, na Bi Mwanakhamis akamwambia kwa ishara ya mkono kuwa hayo yalikwisha. Akawa anamwita mama kila alipomgusa, hata pasipo haja ya kumwita. Na kila alipomkamulia tone moja mdomoni alikuwa anauona, chini ya ngozi nyembamba ya koo, mviringo unaojikaza polepole kulisubiri lile tone, ukalipima, kisha ukalikataa. Hakumwambia mtu. Usiku alikuwa akimlalia ubavuni na kuweka kiganja chake juu ya koo lile, kwa hofu ya kitu kisichojua kuchoka, na kwa mapenzi.

Mchana mmoja Bi Mwanakhamis alifanya ishara kuwa aletewe mjukuu. Nusaiba akaja na sahani yake, wali na mchuzi wa pweza, akakaa kitandani miguuni mwa bibi yake. Mashavu yalikuwa yamemrudia, na sketi ya skuli imeanza kumbana. Akauliza mbona bibi hali naye. Zulekha akasema bibi keshakula. Mtoto akala kwa mkono, kwa pupa, midomo inang'ara mafuta, na bibi yake akamtazama kila tonge linavyokwenda chini, bila ya kupepesa macho, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Koo likajikaza. Bi Mwanakhamis akangoja, akangoja sana, mpaka likampa nafasi ya neno moja.

"Mwongeze," akasema.

Zulekha akaichukua sahani, akenda jikoni kumwongeza.